Kobe wa Shangazi na Taa Zinazoota

Trafiki aliyenisimamisha njia ya Pongwe hakuuliza leseni wala bima. Alizunguka nyuma ya gari, akaniambia nikanyage breki, akainama na kukinga jua kwa viganja viwili kama mtu anayechungulia duka lililofungwa. Kisha akaja dirishani.

"Dada, hizi taa zinawaka au zinaota?"

Aliniachia kwa onyo, tena akicheka, na mimi nikacheka ili mambo yaishe. Nilipofika nyumbani nikamwita mtoto wa jirani akanyage breki, nikasimama nyuma nijionee. Ilikuwa saa kumi jioni, jua la Tanga bado linapiga, na taa ya kushoto ilikuwa na wekundu wa mbali, mithili ya kaa lililofunikwa na majivu. Ya kulia hivyo hivyo. Ningekuwa dereva wa nyuma, ningejua gari limefunga breki baada ya kuligonga.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1969, ile yenye mgongo wa duara, na kwetu haijawahi kuwa na jina jingine ila Kobe. Shangazi alimnunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, akaenda naye shuleni kufundisha kila siku ya Mungu mpaka alipostaafu. Ukimpa nafasi atakuhadithia Safari Rally, namna Volkswagen ya umbo hilihili ilivyoshinda mwaka 1954, ikarudi 1957, ikarudi tena 1962, matope mpaka madirishani. Usimpe nafasi kama una haraka.

Miaka miwili iliyopita alinikabidhi ufunguo, mwenyewe ameketi barazani pale Ngamiani, ungo wa mchele mapajani. "Mwanangu, macho yangu yameingia ukungu. Mchukue Kobe, lakini usinibadilishie kitu." Baadaye akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na sasa anasoma hata maandishi madogo ya pakiti ya chumvi. Aliyebaki na mtoto wa jicho ni Kobe.

Nimetumia neno hilo makusudi, kwa sababu ndilo lingeniokoa kama lingenijia mapema. Hakuna mtu anayemwambia mgonjwa wa mtoto wa jicho kwamba jicho lake ni chafu, alifute kwa kitambaa. Lakini kila niliyemwonyesha zile taa alisema neno moja: chafu. Jirani alisema dawa ya meno. Shemeji alisema soda. Kijana wa kuosha magari alisema yeye ana dawa yake, nimwachie tu gari nusu saa. Na fundi rangi mmoja, mtu wa siku nyingi ambaye mkono wake kwenye bodi siwezi kuubeza, alichovya tambara kwenye kopo la tina, ile ya kuyeyushia rangi, akanipa. "Futa nayo. Itang'aa mpaka ushangae."

Nikafuta taa ya kushoto. Ikang'aa kweli, kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Nilipogeuka, uso wa kioo ulikuwa umepauka kama mtu aliyeogopeshwa, na kutoka kwenye matundu ya skrubu zilikuwa zinatambaa nyufa nyembambanyembamba, kama utando wa buibui unaofumwa mbele ya macho yako. Niliimwagia maji. Nikaimwagia tena. Nyufa hazikujali.

Fundi alikuja, akaitazama, akakuna kidevu. "Hii si kioo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo, si kioo. Sote tunaita "kioo cha taa" kwa mazoea. Taa za mbele za Kobe ni kioo hasa, na katika umri wake wote hazijajua ukungu ni nini. Ukizipangusa vumbi zinakutazama kama siku zilipotoka kiwandani. Za nyuma ni plastiki, kipande cha rangi ya chungwa cha indiketa kimeunganishwa na chekundu cha breki. Plastiki hiyo ni akriliki. Iliingia sokoni Ujerumani mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, kazi ya mkemia Otto Röhm na kampuni yake ya Darmstadt, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikatengenezewa madirisha ya ndege kwa sababu ni nyepesi na inapitisha mwanga vizuri sana. Na ina sifa moja kubwa kwa watu wa pwani: jua haliisumbui sana. Rangi ya gari itachuja, mpira wa dirisha utakauka na kukatika, akriliki itakuwa bado inavumilia.

Ila haipatani na tina, wala petroli, wala spiriti. Inapotoka kwenye kalibu kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, hasa kwenye kona na kwenye matundu ya skrubu, na dawa kali za namna hiyo zikiigusa, mkazo ule hupata pa kutokea. Ndizo zile nyufa. Aliyekaza skrubu kupita kiasi miaka iliyopita naye ana sehemu yake katika dhambi hii, lakini tambara lilikuwa mkononi mwangu.

Basi ule ukungu ni nini? Nilikuja kuuelewa kwa mate. Kidole kimoja, mate kidogo, kwenye taa ya kulia ambayo ilikuwa haijaonja tina. Pale nilipolowesha ukungu ulitoweka, chini yake pakaonekana pekundu kama punje ya komamanga. Mate yakakauka, ukungu ukarudi. Nikarudia kwa maji, ikawa vilevile. Uchafu hauna tabia hiyo. Unapoloa huwa tope, haupotei. Kinachopotea kikiloa ni mikwaruzo. Uso wa taa ulikuwa umejaa mikwaruzo midogo isiyohesabika, ya mchanga, ya upepo wa barabarani, ya miaka na miaka ya kupanguswa kwa tambara kavu lenye vumbi (na mwenye tambara ni nani, tusimtaje, anatupenda). Kila mkwaruzo unautupa mwanga upande wake badala ya kuuacha upite. Maji yanapojaa ndani ya mikwaruzo uso unakuwa sawa tena kwa muda, na mwanga unapita.

Kuanzia hapo niliwaelewa wauza magari wanaopaka mafuta kwenye taa asubuhi kabla mteja hajafika. Mafuta yanafanya kazi ya mate, ila yanachelewa kukauka. Dawa ya meno ina afadhali, maana ndani yake mna unga laini unaosugua kweli, lakini ni kama kulima shamba kwa kijiko. Soda sina la kuisemea. Inywe.

Dawa ya yule kijana wa kuosha magari ndiyo niliyoijua kwa gharama, na haikuwa kwenye Kobe. Mimi gari langu la kila siku ni Toyota IST, na taa zake za mbele zilikuwa zimegeuka njano kama karatasi ya zamani. Siku moja nimekaa kwenye benchi nasubiri, nikamwona kijana anapuliza kitu kwenye taa, anafuta, inang'aa. Nikafurahi, nikampa na ya soda. Kumbe ni dawa ya mbu, ile ya kujipulizia mwilini. Dawa nyingi za mbu zina kemikali iitwayo DEET, ambayo mbu anaikimbia na plastiki inaiyeyukia. Hakusafisha chochote, aliyeyusha ngozi ya juu ya taa ikajifunika yenyewe, mikwaruzo ikajazwa. Haikuchukua wiki nyingi taa ile ikawa mbaya kuliko mwenzake, ina mabaka, ukiigusa inanata, na vumbi lote la njia limeganda humo.

Taa za IST ni plastiki nyingine, polikaboneti, na hapa ndipo watu wengi wanapotea kwa kudhani plastiki ni plastiki. Polikaboneti ni ya mwaka 1953, ya mkemia Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer. Ni ngumu ajabu, jiwe likirushwa na tairi la lori linadunda. Marekani iliporuhusu taa za mbele za plastiki mwaka 1983, hii ndiyo iliyochukua nafasi ya kioo, na taratibu dunia nzima ikafuata. Lakini jua ni adui yake. Mionzi inauvunja uso wake na kuugeuza njano, kwa hiyo kiwandani huvikwa koti gumu la kuikinga. Gari likiishi juani miaka kadhaa koti linaanza kubanduka, kwanza sehemu ya juu inayotazama mbingu, na hapo njano inaingia. Ukiisugua taa ya namna hiyo ikawa safi ukaiacha uchi, umeifanyia hisani ya miezi michache tu. Lazima ivalishwe koti jingine, vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huipuliza juu ya bodi, ile yenye kinga ya mionzi ya jua. Kobe hahitaji hayo. Yeye ni kusugua, polishi, na nta kidogo.

Nikaanza taa ya kulia jioni ya Ijumaa, nyuma ya nyumba, beseni la maji miguuni.

Kwanza kuifungua. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, na nilikwisha kuwa mwoga wa kemikali, kwa hiyo mafuta nilitia kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tone moja kila skrubu, nikangoja mpaka adhana ya magharibi. Zikafunguka. Nyuma ya kioo nilikuta gasketi iliyokuwa ngumu kama kaukau, vumbi jekundu la barabara ambazo sijui ni za mwaka gani, na nyumba ya nyigu, ile ya udongo, imejengwa kwa ustadi pembeni ya globu. Mwenye nyumba alikwisha hama. Niliosha ndani na nje kwa sabuni ya maji na mswaki laini. Ndani nikaishia hapo hapo. Upande wa ndani una mistari na vichongo vya kuusambaza mwanga, na pale penye kiakisi mna vipembe vidogovidogo vinavyorudisha mwanga wa gari la nyuma kule ulikotoka. Ukivigusa kwa msasa umeua kazi yake moja kwa moja.

Kwa nje uso ni laini, isipokuwa sehemu moja. Chini kabisa kuna maandishi yaliyoinuka kidogo, jina la Hella aliyeitengeneza, na pembeni viwimbi na herufi K vyenye namba, alama ya Wajerumani ya kuonyesha kwamba taa imepimwa ikakubaliwa. Herufi ni ndogo kiasi kwamba unazijua zaidi kwa ukucha kuliko kwa jicho. Msasa ungezimaliza kwa dakika moja. Nikabandika juu yake utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, tabaka mbili.

Msasa wa maji nilianzia namba 1500. Namba ndogo ni msasa mkali, na mwenye papara huanza na 800 halafu akakesha kufuta mikwaruzo aliyoitia mwenyewe. Nilikata kipande cha ndala kuukuu nikauzungushia msasa, maana kidole kitupu hukandamiza mahali pamoja na kuchimba shimo. Maji yenye tone la sabuni, mkono mwepesi, upande mmoja tu: kushoto kulia, kushoto kulia.

Baada ya dakika kumi nikasuuza, nikaikausha, moyo ukanishuka. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nyeupe yote, kama imepakwa poda. Hakuna aliyenionya kwamba lazima ifike hapo. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: ile mikwaruzo ya miaka yote, mirefu na mifupi, imeondolewa, na badala yake pana mikwaruzo ya aina moja, midogo, inayoelekea upande mmoja. Namba 2000 nikaisugua kwa kukatisha, juu chini, mpaka ile ya kushoto kulia isionekane tena. Ndiyo njia ya kujua kwamba namba iliyotangulia imefutika yote. Kisha 3000, kushoto kulia tena. Maji ya beseni yaligeuka rangi ya waridi, kama maji yaliyooshewa nyama, na nilipohamia kwenye indiketa yakawa na umanjano. Hapo ndipo nilipoelewa hasa ninachofanya. Sikuwa ninasafisha taa. Nilikuwa ninaipunguza. Ile waridi ni taa yenyewe, nami ninaimwaga kwenye mchicha.

Ndiyo sababu kuna mkwaruzo mmoja niliuacha. Upo pembeni, mrefu, umezama kiasi cha kushika ukucha. Kuufikia chini kungenilazimu kuula uso mzima mpaka uwe sawa nao, na taa haikuwa na unene wa kuchezea. Isitoshe, nilipomuuliza shangazi alikumbuka: baiskeli ya muuza samaki, nje ya shule, mvua za vuli. Hakumdai kitu. Alimpa samaki.

Jumamosi ilikuwa polishi. Nilitumia ile ya rangi ya gari na fulana kuukuu ya pamba, kwa mkono. Mdogo wangu alikuja na drili yenye brashi ya sponji, akaniona mshamba. Nikamkatalia. Akriliki huanza kulainika kwenye joto la nyuzi mia moja hivi, na drili ikikaa mahali pamoja joto hilo si mbali. Ikilainika huvutika kama jojo, na mvutiko haufutiki. Kwa mkono inachosha bega, lakini bega linapoa. Duara ndogondogo, futa, angalia, rudia. Mara ya tatu au ya nne nikaona kitu kinatikisika ndani ya ule wekundu, nikadhani ni mdudu. Ilikuwa taswira ya mti wa mwarobaini ulio nyuma yangu.

Nikairudisha kwenye gari na gasketi mpya niliyoikata kwenye mpira wa tairi la ndani la baiskeli, skrubu nikazikaza kwa vidole viwili tu, basi. Nikamwita mtoto wa jirani. Akakanyaga breki.

Taa ikaota, vilevile.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Siku mbili, bega limeteguka, na Kobe bado analala. Mdogo wangu, ambaye drili yake ilikuwa imekataliwa na hivyo alikuwa na hamu ya kutafuta kosa, ndiye aliyeufuata waya wa kahawia. Kwenye Volkswagen za zamani waya wa kahawia ndio wa athi, unaofungwa kwenye bodi. Mahali ulipofungwa palikuwa na kutu ya kutosha kupandia mbegu. Umeme ulikuwa unafika kwenye globu, unakosa njia pana ya kurudi. Akapakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga upya, na globu yenyewe iliyokuwa nyeusi kama chungu tukaweka nyingine, ya wati 21 kwa breki na 5 kwa taa ya kawaida. Mtoto akakanyaga tena.

"Dada, umewasha moto?" akauliza kutoka ndani, maana ukuta wa choo cha nje ulikuwa umegeuka mwekundu.

Taa ya kushoto haikupona. Nyufa za tina haziko juu, zimezama ndani, na kuzisugua ni kuzifukuza tu ziende chini zaidi. Nilijaribu kuziba mojawapo kwa gundi kali, ile ya matone, na mvuke wake ukaacha ukungu mweupe pembeni kote. Yaani nikaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Mwishowe niliagiza mpya kutoka Dar, ya kuiga. Inakaa vizuri, inawaka vizuri, ila wekundu wake unaelekea kwenye jamu ya dukani, na chini hakuna jina wala viwimbi. Ile ya zamani nimeiviringa kwenye kitenge, ipo kabatini. Siwezi kueleza naihifadhia nini.

Wiki iliyofuata tukaenda kuzijaribu usiku, njia ya Raskazone, kule bahari inakopumua. Mimi kwenye Kobe, mdogo wangu nyuma kwenye IST na shangazi kiti cha mbele, amevaa miwani ambayo daktari alimwambia haihitaji tena. Simu nimeiweka kwenye spika. Nikakanyaga breki kabla ya kona.

"Naona," akasema. "Naona vizuri. Maashallah." Kikapita kimya kidogo. "Ya kulia ndiyo yenyewe. Ile ya baiskeli."

"Ndiyo, shangazi."

"Na hiyo ya kushoto umeitoa wapi?"

Nikamwambia simu inakatakata, nikawasha indiketa.